Zawadi ya Wifi Hairudishwi

Sasa hivi Neema amemega ugali wake, akapanda kwenye kiti na kuutumbukiza ndani ya tangi la samaki. "Mama Samaki hajala," ananiambia, machozi yanamlenga. Nimeutoa kwa kijiko kabla maji hayajachafuka. Sikumgombeza. Ana miaka minne na ana huruma kuliko watu wazima ninaowajua.

Jumapili, mtaani Kamwokya. Mvua ya asubuhi imekatika, uani ni matope, na moyoni mwangu ni matope vilevile.

Huyo Mama Samaki hali kwa sababu ana mayai mdomoni. Ndivyo walivyo hawa wa Ziwa Tanganyika: mama anabeba watoto mdomoni, anafunga kinywa, anakaa na njaa mpaka watoke wakiogelea wenyewe. Mimi nimezaliwa Uvira, kando ya ziwa hilohilo, na niliondoka huko na Neema mgongoni. Samaki huyu ninamwelewa.

Samaki wangu niliwachagua kwa subira. Sikufuata rangi. Kila muuzaji nilimuuliza: anatoka ziwa gani? Anakula nini? Anagombania mawe, au anaogelea tu huku juu? Nikachukua watatu, wembamba, wapole, wa ziwa moja. Wakakaa kwa amani.

Halafu wifi yangu akaja na zawadi.

Mama Gloria, dada mkubwa wa mume wangu, anakaa Nsambya na ana tangi refu kuliko kitanda changu. Akaleta dume la Ziwa Malawi, la buluu lenye milia myeusi, pana kama kiganja. Nikamwambia kwa adabu, "Wifi, huyu ni wa mawe, ana vita. Hawa wangu hawatamweza."

Akacheka mpaka mkufu ukaruka shingoni. "We mtoto wa darasa la sita, umeshakuwa daktari wa samaki? Wote ni samaki wa Afrika, watasikilizana!"

Kwetu zawadi ya wifi haikataliwi, wala hairudishwi. Ukiirudisha, umemtukana mume wako na ukoo wake mzima. Nikapokea kwa mikono miwili. Nikasema asante.

Wawili wamekufa.

Amebaki Mama Samaki peke yake, mkia umechanika, amejibana nyuma ya pampu. Kinywa bado amekifunga. Hajatema hata mtoto mmoja.

Jana Gloria, binti wa wifi, alipiga simu aongee na Neema. Nikamtajia lile dume. "Eeh, yule muuaji!" akasema. "Mama alimtoa kwetu, alikuwa anamaliza wenzake. Anti, kwani hakukuambia?"

Hakuniambia.

Nimelala na hasira, nimeamka nayo. Leo kanisani nimefumba macho kama wengine, lakini sikuwa naomba moyo wa kumsamehe mtu. Nilikuwa namwona wifi akilia mbele ya tangi lake, na ndani lile dume, nimemrudishia kwa siri. Ilikuwa picha tamu. Nimeitafuna ibada nzima. Ila kule Nsambya nako kuna mama wenye mayai mdomoni, na hao hawajanikosea kitu.

Mume wangu anasema, "Vumilia, ni dada yangu." Nimevumilia mpaka wawili wamekufa.

Jibu limeletwa na mama mwenye nyumba, Muganda, alipochungulia dirishani. "Nnyabo, wewe wa ajabu! Sisi nkejje, samaki kama hawa wa ziwa letu, tunamkausha, tunampikia mtoto apate nguvu. Wewe mboga umeiwekea taa!"

Tumecheka wote wawili. Halafu mimi nikaacha kucheka.

Haikataliwi. Hairudishwi. Hakuna aliyesema hailiwi.

Wifi anakuja kula kwetu mchana huu. Anataka kuona zawadi yake imezoeaje. Kwa hiyo nimelinasa lile dume kwa kipande cha chandarua, nimelipara magamba mwenyewe, nimekata vitunguu na nyanya. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine unamgeuza kikaangoni. Huko ndani Mama Samaki ametoka nyuma ya pampu. Anaogelea katikati ya tangi, polepole, kama mtu aliyetoka kuugua, na Neema anamsimulia habari zake zote.

Je, mimi ni mbaya? Labda kidogo. Kesho nitarudi kuwa mpole.

"Mama Neema! Fungua basi, jua linaniua! Mh, na hiyo harufu, umetupikia nini?"

"Nakuja, wifi!"

Nitamnawisha mikono. Nitamwekea kichwa, kwa heshima yake. Na akiuliza dume lake linaendeleaje, nitamwambia, wifi yangu, usiwe na wasiwasi kabisa, amesikilizana vizuri sana na nyanya na vitunguu.