Shingo Haishikwi Kidogo

Laare,
19 Agosti 1996.

Mpendwa Kathure,

Salamu nyingi mdogo wangu. Hujambo, na watoto je? Sisi tunapumua tu. Barua hii nimempa Salesio wa kanisa letu akukabidhi mkononi pale sokoni Embu, kwa maana uliniambia mumeo Muchangi hufungua barua zako kabla hujaziona.

Dada yetu Gladwell tulimzika Jumamosi. Mumewe Mithika amemuua. Sijui kulisema kwa upole, na sitaki.

Mwezi wa sita alimtoroka huko Maua akaja hapa nyumbani, shingo ina alama za vidole. Mithika akamfuata na wazee na kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba. Baba akakipokea, akatafuna, na kwetu ukishatafuna umekubali. Gladwell akalia, "Baba, amesema nikimwacha ataniua." Baba akamjibu eti mwanamume mwenye wivu ndiye anayependa. Wivu! Akarudishwa kama mbuzi aliyepotea.

Baada ya hapo Mithika alimfuata hata kisimani, akamkataza chama cha akina mama, akamkataza kuja kwetu. Asubuhi moja akamkuta ameweka nguo kwenye mfuko. Alimkata kwa panga Gladwell akiwa amepiga magoti akipuliza moto. Gladwell alijikinga kwa mikono, na vidole vingine tulivizika kando yake. Majirani walisikia nduru, wakasema ni mambo ya mtu na bibi yake. Mithika yuko ndani kwa polisi.

Sasa wewe. Uliniandikia kwamba Muchangi alikushika shingo "kidogo tu", halafu akaomba msamaha akilia. Kathure, shingo haishikwi kidogo! Mithika naye alikuwa analia. Kitambulisho chako amekificha, kazini anakuvizia. Unangoja nini, wewe?

Usimuage. Usifungashe hata kanga. Jumatano akienda shambani, beba watoto kama unawapeleka kliniki, upande gari la Meru. Nitakuwa stendi tangu asubuhi. Barua hii ichome sasa hivi.

Usiogope kurudishwa. Baba amewaambia wazee wasimletee tena kitu cha mkwe yeyote.

Kaka yetu Bundi na shangazi Njura wanakusalimu. Mama pia. Yeye ndiye aliyemvalisha Gladwell mochari, akamtafutia rinda la shingo ndefu na mikono mirefu. Anasema Mungu akufunike njiani, na ufike, kwa sababu hana nguvu ya kumvalisha mwingine.

Dadako akupendaye, anayekungoja stendi,
Igoki.