Nusu Gunia la Kochoko

Mnyambe, Newala
Jumatatu

Kwako dada yangu Devotha, Mama Nathanaeli,

Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute umeshika jembe na si kitanda, maana nasikia kifua kimekubana tena. Wa huko Lisekese wote hawajambo? Mjukuu wa Mabel ameshatembea? Huku tupo. Baba Gabriel anakusalimu, mkono wake ulipona lakini haunyooki, mikorosho anapulizia dawa kwa mkono mmoja. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la nne, basi soma polepole, ila usimpe mtu akusomee.

Dada, nadhani Nathanaeli hajakwambia kitu, na baba yake amekwambia nusu. Wewe ulikuwa unaumwa siku ya kikao cha wazazi shuleni. Mimi nilikuwapo.

Nianzie pale nilipokuvuta kwenye shule ile. Fortunatus wangu, kaka yake Gabriel, alisoma shule ya kutwa, watoto wanapita kwa wauza pombe ya nipa wakienda na wakirudi, bangi wanauziwa kama karanga. Siku ile alikuja mchana macho mekundu, akataka baiskeli ya baba yake akauze. Baba yake alipokataa, akachukua mchi akampiga mkono mpaka mfupa ukatoka nje. Nilipopiga kelele akanigeukia mimi, jino langu la mbele likaondoka. Wewe ndiye uliyenifunga khanga damu isimame. Hajarudi mpaka leo.

Ndiyo maana Gabriel alipofaulu kwenda kidato cha tano nilizunguka shule nne, Masasi na Newala. Walimu walinicheka. Mmoja akaniambia mama, wenzio wanauliza ufaulu, wewe unauliza njia ya kwenda nyuma ya vyoo. Nikamwambia huko ndiko shule ilipo, mwalimu. Nilikwenda kweli, nikatafuta chupa na vipisi vya bangi. Halafu nikawa nakaa na mama muuza maandazi getini, namuuliza hawa wakitoroka wanakimbilia wapi. Shule ile ya bweni muuza maandazi akasema hawa, mama, hata bigijii ya kutafuna wananyang'anywa. Nikaja kwako mbio. Wewe ulitaka Nathanaeli asome karibu na nyumbani, mimi nikakung'ang'aniza siku mbili, nikasema watoto wetu waliingia jandoni pamoja, waende pamoja.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Vijana waliloweka kochoko kwenye ndoo, ndani ya stoo ya majembe, wakatia na sukari ya uji. Siku sita, na jua la huku, unajua mabibo makavu ya korosho yanavyochachuka. Jumamosi baada ya chakula walimu wengi walikuwa msibani, wakanywa yote. Ugomvi ulianza kwa utani. Cecil alimwambia Ashraf kuwa langoni anadaka kama bibi harusi anavyopokea zawadi. Ashraf akamrushia sahani ya bati. Wengine wakaingia stoo wakatoka na majembe. Wanasema walipigana kama watu wanaovunja kichuguu. Ashraf alipigwa mpini mdomoni, meno manne. Cecil alipigwa jembe kichwani, akaanguka, na alipoanguka akapigwa tena. Mpaka leo amelazwa, anafungua macho lakini mama yake hamjui. Ukutani kule bwenini damu imefika dirishani, nimeiona kwa macho yangu.

Mwanao hakuonja hata tone. Alikuwa anafua. Alisikia kelele akakimbia kuamulia, akamkumbatia kwa nyuma yule mwenye jembe, ndipo alipopigwa mpini wa mbavu na mateke ya uso.

Kwenye kikao mkuu wa shule aliweka ndoo mezani. Ubavuni imeandikwa kwa rangi NATHANAELI. Akauliza kochoko ilipitaje getini. Mwalimu Gwakisa wa nidhamu, yule mtu wa Mbeya, alikuwa ameinamisha kichwa. Mkuu akamuuliza Nathanaeli nani amekupa. Akauliza mara tatu. Baba yake akavua mkanda akampiga mbele yetu wote, kwa upande wa chuma, hajui kama kuna ubavu uliovunjika. Mtoto alipiga magoti, damu ikamtoka puani, hakutaja mtu. Alinitazama mimi mara moja. Mimi nikatazama kandambili zangu. Akafukuzwa shule pale pale.

Dada, kochoko ile niliipeleka mimi. Nusu gunia, siku ya wazazi. Mwalimu Gwakisa alivunja mikate ya watu, akanusa mpaka mafuta ya kupaka, lakini kwao hakuna mikorosho. Akaniuliza hivi ni nini, nikasema matunda makavu, watoto wanatafuna. Akatafuna moja, akasema tamu kama tende, akanipitisha.

Usinitetee kwamba sikujua. Nimepika nipa misimu kumi na moja kabla Fortunatus hajaharibika. Nusu gunia si ya kutafuna. Gabriel ndiye aliyeiagiza likizo. Nilipomuuliza za nini zote hizo, alinishika kifundo cha mkono akaminya mpaka vidole vikafa ganzi, akasema mama wewe lete tu. Nikaleta. Nilikuwa nimeshaanza kumwogopa mwanangu, nikaona afadhali akae bwenini nipumzike. Ndoo aliiazima kwa Nathanaeli, akasema ya kufulia.

Na yule mwenye jembe ni Gabriel. Cecil alipigwa na Gabriel. Mbavu za mwanao pia. Shule ilipofungwa alikuja nyumbani akanisimulia huku anakula, akasema Nathanaeli hawezi kusema, kule jandoni walikula kiapo wasichongeane mpaka kufa. Akacheka.

Kesho asubuhi nakwenda kwa mkuu wa shule, kisha kwa wazazi wa Cecil, kisha polisi, halafu nije kwako. Gabriel amenikuta naandika, akauliza ni kwa nani. Nimemwambia. Amesimama mlangoni. Baba yake yuko shambani. Barua nitampa Esther wa jirani kupitia dirishani, yeye anakuja Masasi leo. Ikifika Alhamisi na mimi sijafika kwako, mpelekee mkuu wa shule karatasi hii, nimetia na dole gumba asiseme si yangu.

Simwombi Nathanaeli msamaha kwa karatasi. Mwambie tu kiapo ni chao wao wavulana, mimi sikuapa. Mkande ubavu kwa maji ya vuguvugu, usimruhusu kubeba maji. Nisalimie wote wa hapo, na wewe kifua kikikaza usingoje, nenda zahanati.

Ni mimi mdogo wako,
Bertila, Mama Gabriel

(dole gumba langu hili)