Sifuri Yangu Ukumbini Wirrabilla

Bronte, soma hii sasa hivi. Nimo ndani ya gari nje ya ukumbi wa mji.

Maafisa wageni wametusomea matokeo ya ule utafiti wa maisha ya wakazi. Wirrabilla tumeng'ara! Hewa safi, usalama, ujirani mwema. Makofi yakalia. Kisha afisa mmoja akasema, "Tuliuliza una watu wangapi wa kuwapigia simu ukiugua. Mmoja tu amejibu sifuri."

Shoga, ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Ukumbi mzima! Kwenye fomu hatukuandika majina, lakini hakuna aliyehitaji kuuliza ni nani. Walijua. Walijua siku zote!

Garth, yule mzee wa nyumba inayotazamana na yangu, akasema, "Lakini mwanangu, mimi si nakusalimu kila siku?"

Nikamwambia, "Unainua kidole kimoja juu ya usukani, Garth, na gari halipunguzi hata mwendo. Julai nilipovunjika mguu nilikuwa nakaa barazani na plasta yangu. Kidole kikapita kila asubuhi."

Noelene, mke wa Garth, akanigeukia: "Binti, umetuaibisha mbele ya wageni. Muombe mzee radhi, tukanywe chai."

Nikatoka. Nimepekua majina yote kwenye simu, nikaishia kwako, nawe uko mbali, Perth.

Sasa Noelene kanifuata, anagonga kioo, kashika kikombe cha chai. "Sema samahani tu, mwanangu, yaishe."

Chai nimepokea. Samahani sisemi.