Sura ya Mama Yako Katika JPEG

Mpwa wangu wa damu,

Huku studio mimi ndiye baba lao. Nikimpiga picha jini, anatabasamu. Katika ile picha pekee tuliyo nayo ya marehemu mama yako, nilifuta mirija yote ya hospitali. Shangazi yako akasema, "Shemeji, mng'arishe kidogo." Nikamng'arisha. Akarudi: "Mfumbue macho." Nikamfumbua. Kila mara nilihifadhi faili ya JPEG juu ya ile ile. TIFF, ile isiyopoteza kitu, hujaza diski, nikaiita faili ya waoga.

Kumbe JPEG kila ikihifadhiwa upya humega sura kidogo. Jana niliikuza iwekwe kaburini, macho yamebaki mabaka ya rangi. Ya kwanza haipo tena. Tafuta huko picha yake yoyote, hata akiwa amenuna.

Fremu niliyomchongea haijawahi kuonekana duniani. Imebaki sura tu.

Mjomba wako, bingwa wa kamera.