Bosi wa Mfereji

Mjukuu wangu Neema, marahaba. Hapa Nangara tu wazima, na mbuzi wako amezaa mapacha.

Umeuliza maana ya bosi, kwa kuwa wanachuo wenzako wanakuita hivyo tangu wakuchague kuwa kiongozi wao. Hapa stendi kila mwenye mkoba ni bosi. Mimi niliitwa hivyo ujanani, wanawake wa kijiji jirani cha Mutuka waliponipa kusimamia msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuchimba mfereji. Nikasimama ukingoni na fimbo. Hakuna aliyeinua jembe.

Mama Safari, mmoja wao, akasema, "Bosi, tunakungoja. Kipande chenye mawe huwa cha msimamizi."

Nilichimba siku tatu. Maji yalipofika kwenye kipande changu yakapita, vigelegele vikapigwa, nami nikaruka ndani na gauni langu.

Ile fimbo sijui niliiacha wapi.

Bibi yako