Kivuli cha Zubeda

Mutsamudu, Jumatano, baada ya Magharibi

Mdomo wangu huu, unaomkaripia kila mtu, leo nilipouhitaji ulinyamaza.

Serikali ya mapinduzi imepiga marufuku arusi kubwa. Lakini mjukuu wangu Mariama ataolewa, na wanawake wa ukoo watavaa leso ya sare tutakayoichapa wenyewe. Saa sita tukaweka fremu ya kuchapia kwenye paa: hariri iliyopakwa dawa, juu yake karatasi ya maua, kisha kioo. Dawa ikipigwa jua hushika. Isipopigwa, chini ya maua, huondoka na maji, na hapo ndipo rangi hupita.

Akapanda Zubeda wa kamati ya vijana, wanaosaka arusi hizo, niliyemwogesha mwenyewe alipozaliwa.

"Koko, bibi yangu, unaanika nini?"

"Mifupa yangu."

Akacheka, akasimama hapo hapo, kivuli chake kikalala juu ya kioo. Ningemwambia asogee, angetazama chini akayaona maua. Nikavumilia habari zake za mapinduzi mpaka akachoka.

Tulipoosha, upande wa kivuli dawa yote ikatoka. Mariama akaendelea kumwagia fremu maji. Afadhali angelia.

Dawa imebaki ya mara moja tu. Kesho saa sita nitakaa mlangoni. Zubeda akija, nitamgombeza tangu njiani, asipande. Kosa lake nitalitafuta.