Taya Langu, Picha Mbili

Jumanne, 2 Juni 1998

Uji tena. Upande wa kushoto hautafuni kitu. Tumbili wameingia jikoni na kubeba mkate. Zaituni, mke wa mwanangu, amewafukuza kwa mwiko huku akiwatukana kwa Kizulu. Nimecheka, kicheko kikaniuma hadi sikioni.

Keshokutwa napigwa picha ya taya kwa mashine ya CT. Kinyama alichokata daktari kimepimwa. Saratani. Sasa anataka kuona imekula mfupa kiasi gani. Nina miaka sabini na minne, mashine siiogopi. Naogopa kuulizwa maswali mbele ya mkwe.

Niungame hapa, maana sina muda mrefu. Meno yangu matatu ya chini ni ya bandia, yameshikwa na kibao cha chuma. Nimeyavaa tangu Ujiji. Mume wangu kafa hajui. Huku Durban ameyaona daktari peke yake, tukiwa wawili chumbani.

Alhamisi, 4 Juni

Hospitali. Binti wa mashine ni Mzulu, mpole. "Gogo, vua hereni." Ndivyo Wazulu wanavyomwita bibi. Nimevua. Kisha akauliza kwa Kiingereza kama nina meno ya bandia, akimtazama Zaituni, kana kwamba mimi ni furushi. Zaituni akajibu upesi: hana.

Nilifundisha Kiingereza na sayansi hadi nilipostaafu. Ningeweza kujibu. Nikalala tu kwenye lile duara la mashine na chuma changu kinywani.

Jumatatu, 8 Juni

Picha imeharibika. Daktari ameibandika kwenye kioo chenye taa. Taya langu, na juu yake mistari myeupe na myeusi, imetawanyika kama spoki za baiskeli. Chuma huzuia miale. Mashine ikikosa miale, hesabu yake inavurugika na kuchora visivyokuwepo. Hilo nalielewa bila kufafanuliwa.

Daktari mstaarabu, hakuyataja meno. Aliuliza tu kama siku ile nilivua kila kitu. Zaituni alikuwa ubavuni pangu. Nikasema nilivua. Uongo mkavu. Basi itakuwa magego yako yaliyozibwa kwa madini, akasema, na hayo hayavuliki. Kwa kuwa haoni ugonjwa unaishia wapi, atakata nusu ya taya kwa tahadhari. Wiki ijayo.

Jumatano, 10 Juni

Siku mbili nina hasira. Nusu ya taya, kwa sababu ya haya! Sikubali.

Asubuhi nimemwita Zaituni. Nimeyatoa meno mbele yake, nikayaweka kiganjani. "Haya, tazama. Ndiyo yaliyoharibu picha."

Hakushtuka. "Najua, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mliponioa. Baba alituonya wote. Atakayeyataja meno ya mama, chakula cha nyumba hii asile."

Kumbe alijua! Miaka yote ile ananitazama nikigeukia ukutani kuyavua.

"Ndiyo maana nikamwambia yule dada huna," akasema. "Ulitaka nikuvue nguo mbele za watu?"

Yeye ananistiri, mimi najistiri, daktari naye ananistiri. Nusura tustiriane hadi kisu kiingie. Nimemgombeza. Nimemgombeza na marehemu, Mungu amrehemu. Kisha tumecheka wote wawili mpaka taya likanikomesha. Zaituni amempigia daktari simu, amemwambia ukweli wote.

Ijumaa, 12 Juni

Nimerudi kwenye mashine. Midomo imeingia ndani, mtandio sikuushusha usoni. Benchi zima lilinitazama. Litazame. Husemwa mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimejiumbua mwenyewe, kifo kikose kazi.

"Eish, Gogo, kumbe!" Binti ameziba mdomo kwa mkono. Nimemwambia kwa Kiingereza changu cha darasani: siku nyingine niulize mimi, kinywa ni changu. Ameomba radhi. Akainamisha mashine kidogo ili ikwepe magego yaliyozibwa.

Alhamisi, 18 Juni

Picha safi. Mfupa unaonekana wote, na panapoliwa panaonekana. Ugonjwa umevuka katikati ya kidevu, umeingia upande wa pili. Nusu isingetosha. Ningekatwa bure.

Sasa ni kukatwa kidevu chote, na daktari anasema kwa moyo wangu dhaifu huenda nisiamke kwenye dawa ya usingizi. Daktari amemgeukia Zaituni: familia inaamuaje? Nimejibu mimi. Sikatwi. Akaanza kueleza upya, taratibu, kama kwa mtoto. Nikamwambia nimeelewa tangu mwanzo, na jibu ni lile lile.

Idi, mwanangu, amepiga simu kutoka kazini kwake Queensburgh, analia. "Mama, unajiua."

Ugonjwa ndio unaoniua, nimemwambia. Mimi nachagua uso wa kufa nao.

Usiku naogopa. Hilo nalo naliandika. Lakini nimekataa nikiwa nimeiona picha kwa macho yangu, na sijutii.

Jumapili, 21 Juni

Jua la baridi, zuri. Idi yuko nyumbani leo. Zaituni amesaga dagaa, akawaponda na viazi mpaka wakalainika. Nimekula mezani pamoja nao, bila meno, polepole. Mate yalinitoka, nikapangusa kwa leso.

Idi alikuwa ameinamia sahani yake. Nikamwambia anitazame.

Akanitazama. Tukaendelea kula.